Njia ya Ng'ombe Shambani kwa Lugembe

Nyamizi alikuwa amebakiza mtihani mmoja apate leseni ya kupima mipaka ya ardhi oevu: kupiga kigingi pale kinamasi kinapoanzia katika shamba la Lugembe, mbele ya msimamizi kutoka bodi inayotoa leseni hizo.

Lugembe, tajiri wa mjini aliyetaka kujenga hoteli humo ingawa sheria inakataza kujenga kinamasini, alimvuta pembeni.

"Binti, sema shamba lote ni kavu. La sivyo, hiyo leseni utaisikia redioni. Mwenyekiti wa bodi ni shemeji yangu."

"Nimekuelewa, mzee."

Msimamizi alipofika, Nyamizi alipaza sauti. "Mzee anasema hapa pote ni pakavu. Afadhali, maana kijiji kinatafuta pakavu pa kupitishia ng'ombe."

"Wapite kwangu?" Lugembe aliruka.

"Si pakavu, mzee?"

"Pakavu wapi! Watazama hadi pembe! Trekta langu liliingia kwenye yale mafunjo, mpaka leo halijatoka!"

"Matope yanaanzia wapi?"

"Hapa nilipokanyaga!"

Nyamizi alipiga kigingi mbele ya kiatu cha Lugembe. Msimamizi akaandika, kisha akauliza ng'ombe sasa watapita wapi.

"Ng'ombe gani?" alisema Nyamizi. "Kijiji hiki kinafuga bata."