Kobe Ndani ya Blanketi la Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaposa kwa adabu, Fisi alimfuga Kobe uani kwake. Alimlisha mchicha asubuhi na jioni, akimwita mwanangu mbele ya majirani. Majirani wakamsifu kwa huruma yake. Kobe naye aliamini, maana ukishibishwa kila siku huulizi maswali.

Kipupwe kilipoingia, Kobe akamsikia Fisi akimwambia dada yake kwamba Kobe sasa amenona. Angepelekwa ng'ambo ya mlima, ukweni, awe kitoweo cha posa. Moyo wa Kobe ukaenda mbio ndani ya gamba. Akimbie? Kwa miguu ile? Akatulia, akafikiri.

Nanyi mjue, desturi yao ilikuwa kali: zawadi ya posa hufika hai. Ukipeleka mzoga ukweni, umewatakia msiba. Fisi hao hao siku nyingine hula mzoga bila kuuliza umekufa lini, lakini siku ya posa wote ni waungwana.

Asubuhi Kobe akasema kwa unyenyekevu, "Baba, mimi safari sikatai. Nakuhurumia wewe tu. Baridi ya mlimani ikinipiga nitakufia njiani, na ukweni utasema nini?"

Fisi akaingiwa na hofu, akauliza afanyeje. Kobe akamweleza taratibu: kapu lenye nyasi kavu, blanketi zito limzunguke pande zote, na mfuniko usifunguliwe njiani hata kidogo, maana upepo ukishaingia, basi tena.

Blanketi lililokuwapo nyumbani ni moja, la Fisi mwenyewe. Akalitoa. Akapanda mlima kifua wazi, ukungu ukimlowesha, meno yakigongana ka-ka-ka. Kila alipotaka kuota jua kidogo, Kobe alilalamika kwamba kucha zinaanza kupoa, na Fisi akampa pole, akaongeza mwendo. Ndani ya kapu, Kobe alikuwa anatokwa jasho.

Ukweni walikuwa wamekaa mkekani, wamependeza. Mama mkwe akafunua kapu kwa heshima zote. Kobe akalegeza shingo, akaacha miguu ining'inie, akafumba macho.

"Mwanangu," mama mkwe akasema polepole, "umetuletea maiti?"

Fisi alitaka kusema kwamba yu hai, amelala tu. Lakini taya zilikuwa zimekufa ganzi, neno halitoki, meno yote nje. Wakaona anawachekea. Rungu la kwanza lilimpata mgongoni, la pili hakulingoja. Akatimua mbio kurudi mlimani, bila mke, bila kapu, bila blanketi.

Hakuna aliyetaka kugusa mkosi ule. Mama mkwe akaamuru kapu lisukumwe kwa fito hadi kichakani, na blanketi lake humo humo. Kobe akangoja mpaka vishindo vikaisha. Akafumbua macho, akajivutia blanketi mabegani, akaenda zake kutafuta majani.

Basi wanangu, mtu akikutunza kupita kiasi, muulize mapema anakupeleka wapi.