Sauti Iliyozidi Moja

"Mliokaa, mmekaa?"

"Tumekaa!"

"Masikio mmekuja nayo?"

"Tumekuja nayo, yanawasha!"

"Na nikiwadanganya?"

"Wewe danganya, sisi tunasikiliza!"

Basi, bonde la Mikorosho lilikuwa na neema. Tumbili wa mbali walikuja kununua korosho kwa chumvi, na siku ya gulio kelele zilifika hadi ng'ambo ya mto. Kisha mikorosho ikaingiwa na ugonjwa. Maua yakafunikwa na unga mweupe, yakadondoka pu, pu, pu. Mwaka wa kwanza wakaja tumbili wachache. Mwaka wa pili akaja mmoja, akatazama, akarudi na chumvi yake. Mwaka wa tatu njia ikaota nyasi, na vijana wakaanza kuondoka.

Alikuwapo Sange, mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza. Dada zake wawili walikwenda kutafuta maisha, hawakurudi. Kila asubuhi Sange alifagia vijia vyao, kana kwamba watafika mchana.

Siku moja, jua la utosini, kivuli hakuna, ardhi ikahema.

Fuuu... kimya. Fuuu... kimya.

Chini ya kichuguu palikuwa na shimo. Nyasi zilizolizunguka zililala zote upande mmoja, na upepo haukuwapo. Ndege wakanyamaza kwa pamoja, kama waliokatazwa. Sange akanusa: yai viza.

Kiboko akaja, gudu gudu gudu. Akagonga jiwe kwa jino lake, cheche ikaruka, vuup! Moto wa buluu ukasimama juu ya shimo, hauna kuni, hauna moshi. Kiboko akauzima kwa tope, akacheka.

"Hii ni gesi," akasema. "Huu ni utajiri."

Wanyama wakakusanyika.

"Ichimbwe!" akasema Mama Kanga. "Wanangu tisa wamehama. Kazi ikiwepo hapa, watarudi."

"Ikichimbwa tutakaa wapi?" akauliza Babu Kobe. "Na hicho kinachohema, tunakijua?"

"Mimi naijua njaa, Babu. Hiyo inanitosha."

Sange akamtazama huyu, akamtazama yule. Aliwaona wote wawili wana haki, na moyo ukamuuma.

"Msigombane," akasema Kiboko. "Nitachimba mimi. Nyinyi hamieni ng'ambo. Mgao wenu mtaupata baadaye."

"Baadaye lini, Bwana Kiboko?" akauliza Sange.

"Baadaye ya baadaye. Kesho mchana kila mmoja atatia unyayo wake kwenye tope hili, kukubali kwamba bonde ni langu."

Kesho yake, kabla wenzake hawajafika, Sange aliingia kichuguuni kwa mlango wa nyuma, mahali palipopita hewa safi. Akaweka mdomo kwenye ufa uliotokea shimoni.

Kiboko akasimama mbele ya wote. "Bonde ni langu, na kilichomo ni changu!"

"Cha naaani?" shimo likauliza.

Wanyama wakarudi nyuma. Masikio ya Kiboko yakatetemeka. "Changu... mimi Kiboko."

"Cha peke yako?"

"Peke yangu."

"Vyema. Mwenye mali ndiye mlezi. Nina njaa tangu milima hii ilipokuwa matuta. Utanilisha nini?"

"Kula hawa!" Kiboko akawanyooshea wenzake pua. "Wako wengi!"

Mama Kanga akamkodolea macho.

"Hao hawana mali. Umesema ni wewe peke yako. Sogea."

"Si yangu! Ni ya wote!"

"Tia unyayo, useme hivyo."

Akatia, dii! "Ni ya wote!" Akakimbia, gudu gudu gudu, hadi mtoni, chubwi!

Mle kichuguuni Sange alijiziba mdomo, mbavu zinamuuma kwa kicheko. Ndipo aliposikia, chini, chini kabisa ya miguu yake:

"Na wewe, Sange, utanilisha nini?"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Na mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Akatoka kinyumenyume, manyoya yamesimama. Nje walikuwa wakicheza ngoma.

"Sange, ulikuwa wapi? Gesi ni yetu sote!" akasema Mama Kanga. "Tuchimbe!"

"Tusichimbe!" akasema Babu Kobe.

Wote wakamgeukia Sange. Alitaka kuwaambia, ni mimi tu, nilikuwa nawachezea. Lakini akaitazama ardhi chini ya miguu yake.

"Tusiamue leo," akasema. "Kwanza tujue kinakula nini."

Wakakaa kulizunguka shimo, wakajadiliana. Mpaka leo wanajadiliana. Na kila wakihesabu walioketi, kisha wakahesabu sauti zinazosema, sauti huzidi moja.

Hapo ndipo nilipoutua mzigo wangu. Anayeutaka na aubebe. Funzo lake, wanangu, ni hili: wadogo wasiulize maswali, na wenye matumbo makubwa waachiwe kila kitu, watatutunzia. Na ardhi ikikuita jina, itika upesi. Ni adabu.