Jina la Mjukuu wa Nyanzobe

Hapo zamani, wakati Koleta bado ana meno yote ya mbele, palikuwa na mama mmoja akiitwa Nyanzobe. Jamani, mdomo! Kanisani watu wakiambiwa wapendane wote, wanaitikia Amina, halafu wanamwangalia Nyanzobe pembeni: hata huyu?

Jirani yake Koleta hakujaliwa mtoto, na kicheko chake kilikuwa kinafukuza kuku. Siku moja kisimani Nyanzobe akamwambia, "Cheka, dada, cheka. Utacheka peke yako mpaka uzeeni."

Ilimchoma ile.

Basi Nyanzobe akapanda kichanja chake cha kuanikia michembe ya viazi, afukuze kuku. Kichanja kikavunjika, na mguu nao ukavunjika.

Jirani yake Skolastika akaenda. Siku arobaini anamchotea maji, anampikia, anamwosha. Na siku arobaini anamwambia, "Kula! Sikupendi hata kidogo. Nimekuja kwa sababu Mungu kasema, si kwa sababu yako."

Perpetua, jirani mwingine, hakwenda, aliuogopa ule mdomo. Ila alimsamehe yote, akafunga, akamlilia Mungu kila alfajiri mpaka macho yakavimba. Ugali hakupeleka hata tonge.

Na Koleta? Weee! Koleta alikimbilia mnadani! "Nyanzobe kaanguka na kuku wake, miguu juu!" Akaigiza anguko lenyewe, akagaragara vumbini, khanga ikamtoka, akaiokota, akaanguka tena.

Umbea ukapanda lori la ng'ombe, ukafika mbali, kwa Kabula, binti yake Nyanzobe. Miaka sita hawajasemeshana! Kabula akaja na tumbo lake la miezi minane, akapiga magoti mlangoni. "Mama, nimesikia mguu."

Nyanzobe, na mdomo wote ule! Akalia tu, na Kabula akalia.

Nyuma ya ua, Koleta alikuwa anachungulia apate ya kusimulia. Naye akalia. Mnada uliofuata wakamuuliza, "Haya, lete habari!" Akasema hana.

Kabula akazaa mtoto wa kike. Siku ya kuandikisha ubatizo, Nyanzobe akawaita majirani wote watatu mbele ya katekista. "Mjukuu wangu atapewa jina la aliyenipenda. Semeni."

"Nani kakuosha?" akasema Skolastika. "Au ulijiosha?"

"Nani kakusamehe?" akasema Perpetua. "Na hukuomba msamaha!"

Koleta alikuwa anatamani mtoto wa jina lake kuliko chakula. Atakapokufa, nani mwingine atamwita Koleta? Akafikiria uongo mzuri. Anao mwingi. Haukutoka.

"Mimi nilikucheka, mama. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Bintiyo kaletwa na umbea wangu, sikukusudia. Ila siku ile mlangoni tulikuwa watatu tunaolia, mmoja hamkumuona."

Nyanzobe akamtazama huyu, akamtazama yule. Mtoto akapiga chafya. Katekista kashika kalamu, anangoja.

Haya, nyie mnaocheka hapo, msaidieni Nyanzobe: mtoto aandikwe nani? Je, nani alistahili?