Bangili Iliyozidi Uzito

Mji wa Zirari ulitawaliwa na Sultani Mundhiri bin Ghalibu, mpole kwa raia na mkali kwa mizani, na ilikuwa ada ya nyumba yake kwamba mposaji wa binti Sultani afue bangili ya fedha katika kalibu ileile ya bangili ya mama mtu, kisha zote mbili zipimwe barazani, na zisipolingana posa huvunjika.

Sonara Haidari alimpenda Salha binti Sultani, na Salha akampenda hata chakula kikamshinda. Haidari akafua bangili kwa fedha aliyopewa na Zahiri, jini mkongwe aliyekaa katika tanuru lake. Ikawekwa mizanini, nayo ikashuka.

"Kachanganya risasi huyu," akasema Waziri Junaidi, na askari wakamtoa Haidari nje. Salha akalia bila kujificha, na Sultani alimpenda mno bintiye, ikamuuma.

Mara Zahiri akatokea. "Maulana, kosa ni langu." Akatwaa atomu moja katika kila bangili, akazipuliza hata zikawa kubwa kuliko kasri. Ndani ya kila kiini mlisongamana protoni arubaini na saba zenye chaji chanya, pamoja na neutroni zisizo na chaji, na mbali zikazunguka elektroni arubaini na saba zenye chaji hasi.

"Protoni ndizo zitoazo jina," akasema. "Ongeza moja, si fedha tena. Ila hii ina neutroni sitini, na hii sitini na mbili. Ni isotopu, ndugu wa jina moja wasiolingana uzito. Fedha ya wanadamu huzichanganya. Mimi kwa mapenzi nikamchambulia kijana zile nzito tupu. Mbona Waziri anamzidi pacha wake kitambi, na mama yao mmoja?"

Waziri akavuta joho lake mbele. "Na elektroni ikitoka?"

Jini akaichomoa moja. Protoni zikazidi elektroni kwa moja, atomu ikawa na chaji chanya, ikawa yaivuta ile iliyotoka irudi.

"Ndivyo nilivyo, baba," akasema Salha. "Ningali mwanao, lakini umenitolea Haidari."

Sultani akainuka, akaenda mlangoni mwenyewe, akamshika Haidari mkono akamrudisha. Wakaozwa Ijumaa ile kwa mali na shangwe, na mizani ikapelekwa sokoni ikapime samli. Nawe ukitaka kumjua mtu, tazama kwanza kilichomo kiinini mwake.