Pandu Mshona Makubadhi na Matarishi Wasiotaja Jina

Hapo zamani, kabla mvi hazijaniota, nilipanga chumba kilichopakana na cha mume na mke waliokuwa na ugomvi wao, nami nikawa natega sikio ukutani, kisha nikienda barazani kwenye kahawa nawasimulia wenzangu niliyoyasikia. Jina lao sikulitaja hata siku moja, nikajiona mwema. Wale watu wakahama kwa aibu, nami sikupata kuwaomba radhi. Mwenyezi Mungu anisamehe. Sikusoma sana, lakini hekaya hii, ambayo ni ya zamani kuliko mambo yangu hayo, nilianza kuifahamu tangu walipohama.

Basi palikuwa na mji ukiitwa Mkwasini, na watu wa Mkwasini walikuwa na desturi yao: ilikuwa aibu mtu kuonekana sokoni akiuliza bei, au kwa tabibu akieleza ugonjwa, au hata kwa mwalimu akiuliza neno asilolijua. Aliyetaka kujua jambo alikaa kibarazani kwake, akamwita tarishi, akamnong'oneza. Tarishi akaenda mbio, akarudi na jibu. Matarishi hao walikuwa zaidi ya mia, wamevaa vikoi vyekundu, na mkubwa wao alikuwa Mwinyi Hatimi, mtu mnene mwenye sauti laini kama samli. Sultani Taufiki alimpa yeye peke yake ruhusa ya kazi hiyo, naye kila mwezi akimpelekea Sultani mazulia na halwa.

Katika mji huo alikuwako mshona makubadhi, jina lake Pandu, hohehahe, ana makengeza, nyumba yake ikivuja mvua ikinyesha na mvua ikiisha. Mali yake ilikuwa msharasi wa kutobolea ngozi, na mkewe Bi Time, ambaye alimpenda kupita kiasi. Pamoja nao alikaa mama mkwe, Bi Kazija, mwenye kikohozi na mwenye ulimi.

Ikawa siku moja akafariki mzee mmoja mchukuzi wa maji, asiye na ndugu wala jamaa. Pandu akamwonea huruma, akasema, "Huyu amenywesha mji mzima, leo azikwe na nguo kuukuu?" Akamwita tarishi, akamnong'oneza, "Kaniulizie sanda ya bafta ni kiasi gani, iliyo rahisi." Tarishi akaenda, akarudi na bei, Pandu akauza kofia yake ya Idi, sanda ikanunuliwa, mzee akazikwa kwa heshima. Pandu akadhani mambo yamekwisha.

Asubuhi ya pili Bi Kazija yuko kibarazani anakunywa uji wake, akasikia, "Hodi! Hapa ndipo kwa mama mgonjwa? Tumeleta sanda! Za bafta, laini, hazichubui!"

"Hazimchubui nani?" akauliza Bi Kazija.

"Mwenyewe, mama, atakayevaa."

Hajameza, akaja wa pili. "Kafuri na pamba! Ukichukua vyote viwili, udi unaongezewa bure!" Nyuma yake wakaja wachimba kaburi wawili na majembe begani, mmoja akamtazama bibi toka utosini hadi unyayoni, akamwambia mwenzake, "Si mrefu huyu. Tutamaliza kabla ya adhuhuri." Kisha kwa adabu kabisa, "Mama, unapenda upande wa kivuli?"

Bakuli la uji likaruka. "Pandu! Ewe Pandu! Kikohozi cha siku tatu, umeshanipimia shimo?"

Pandu akatoka mbio na msharasi mkononi. "Mama, wallahi si mimi niliyewaita!"

"Uliulizia sanda, hukuulizia?"

"Niliulizia, Mama, lakini ilikuwa ya—"

"Basi! Kakiri mwenyewe! Time, funga bunda lako. Sikai nyumba moja na mtu anayenihesabia pumzi."

Pandu akajaribu kueleza habari za mzee wa maji, lakini Bi Kazija alikuwa akifunga bunda na kukohoa na kulia vyote pamoja, hakusikia hata neno. Bi Time akamwambia mumewe kwa sauti ndogo, "Mimi nakuamini, mume wangu. Lakini mama ni mama. Hawa watu wakiwa mlangoni, nitamrudisha vipi?" Wakaenda zao kwa jamaa zao. Na Bi Kazija hakuishia hapo. Akapeleka shauri kwa kadhi kumdaia binti yake talaka, na kadhi akaliweka Ijumaa ijayo baada ya sala.

Wachuuzi nao wasiondoke. Kila siku wakaja, na kila siku wapya, hata Pandu akawa anakula tonge lake huku mtu dirishani anamsomea bei za mawe ya kaburi. Alipowauliza nani kawatuma, wakasema, "Habari tumenunua kwa Mwinyi Hatimi." Siku ya Jumamosi akajifuta vumbi la ngozi, akaenda barazani kwa Sultani.

"Maulana," akasema, "nilimnong'oneza tarishi neno moja, na sasa mji mzima wanalo. Nimepoteza mke."

Sultani akamgeukia Mwinyi Hatimi. Mwinyi Hatimi akainama, akasema kwa sauti yake ya samli, "Maulana, sisi ni watu wa amana. Jina la mtu hatulitaji kamwe. Tumewaambia wachuuzi tu kwamba yuko mshona makubadhi mwenye makengeza, nyumba yake ya makuti inavuja, iko mkabala na msikiti wa Ijumaa, anakaa na mama mkwe anayekohoa, naye ameulizia sanda. Jina, hapana. Hilo tungeona haya."

"Mshona makubadhi mwenye makengeza mji huu tuko wangapi?" akauliza Pandu.

"Sijui. Hatupendi kuchungulia mambo ya watu," akajibu Mwinyi Hatimi. "Tena, Maulana, mwenyewe aliridhia. Siku alipomwita tarishi kwa mara ya kwanza alisomewa gombo la masharti, akatia dole gumba." Akalikunjua lile gombo. Lilikuwa la dhiraa arobaini, likatoka mlangoni, likateremka ngazi, mbuzi akaanza kulila.

Sultani akasema, "Ewe Pandu, jina lako halikutajwa na dole lako liko hapa. Mimi naona umeumia bure. Mtu asiye na la kuficha anaogopa nini?"

"Inauma, Maulana."

"Basi niumize na mimi nijue," akasema Sultani, na watu wa baraza wakacheka. "Kabla ya Ijumaa, nifanye niumie kama ulivyoumia wewe, bila kunigusa, bila kutaja jina langu, bila kusema uongo, na bila kuvuka sheria. Ukiweza, nitawafukuza wachuuzi na nitasema na mkweo mwenyewe. Usipoweza, utafagia zizi la farasi wangu mwaka mzima, na Ijumaa kwa kadhi hutakwenda. Mkeo ataachishwa wewe ukiwa na ufagio mkononi."

Pandu akakuna kichwa. "Maulana, aliyoyafanya Mwinyi Hatimi ni halali?"

"Halali tupu."

"Kwake peke yake, au kwa kila mtu?"

"Kwa kila mtu," akasema Sultani. Pandu akashukuru, akaenda zake.

Sasa ni lazima nieleze jambo. Sultani Taufiki alikuwa mfupi, tena mfupi sana, na hakuna aliyejua, kwa sababu makubadhi yake yalikuwa na ngozi tano zilizofichwa ndani, moja juu ya nyingine, kimo cha shibiri nzima. Kila Jumatatu tarishi aliyaleta kwa Pandu yamefungwa kwenye kitambaa, yatiwe gundi. Pandu alilijua hilo miaka sita na hakumwambia mtu, hata Bi Time.

Jumatatu ikafika, tarishi akaja. Pandu akamwambia, "Kabla sijapokea, kuna masharti nikusomee." Akatoa gombo aliloliandika mwenyewe nyuma ya ngozi za mbuzi zilizoungwa, akaanza kusoma. Akasoma aina za gundi. Akasoma aina za uzi. Akasoma kisigino kinavyoliwa na mchanga na kinavyoliwa na mawe. Adhuhuri ikaadhiniwa, wakaenda kusali, wakarudi, akaendelea.

"Bwana we, bado?" akauliza tarishi.

"Ndiyo kwanza tunaingia kwenye nyayo."

"Lete huo wino! Nina watu wananingoja!" Tarishi akatia dole gumba, akaondoka akilaani.

Pandu akakaa peke yake. Kuivunja amana ya miaka sita si jambo dogo. Akasali rakaa mbili, akasema, "Mola wangu, nakosa nikijua. Nisamehe, na yeye nitamwomba radhi mwenyewe." Kisha siku ya Jumatano akamwita tarishi mwingine, akamnong'oneza, "Kaniulizie sokoni: yuko mtu, jina silitaji, nyumba yake ina nguzo arobaini, akitoka anapigiwa baragumu la siwa, naye amepungukiwa kimo kwa shibiri moja. Kuna vifaa gani vya kumwinua?"

Alhamisi ile ilikuwa siku kubwa. Sultani alikuwa amemposa binti wa mfalme wa nchi ya jirani, nao wajumbe wa mfalme huyo wamekuja kumtazama mposaji. Sultani amesimama juu ya makubadhi yake, kilemba kirefu, siwa inalia. Mara lango likajaa makelele.

"Hodi! Hapa ndipo kwa bwana mfupi? Tumeleta visigino vya mbao! Shibiri, shibiri na nusu!"

"Ngazi! Ngazi ya kupandia kitanda, bwana, hutainuliwa tena na watumishi!"

"Dawa ya kurefusha! Unakunywa ukiwa umening'inia!"

Mchuuzi mmoja, mtu wa kazi kwelikweli, akapenya kati ya askari, akaweka kigoda mbele ya Sultani, akasema, "Panda, bwana, usione haya. Wafupi wote huanza na hiki."

Wajumbe wakaangalia chini. Mmoja akaziba mdomo kwa mkono wa kanzu. Sultani akawa mwekundu, kisha mweusi, akapiga ukelele, "Nani kawatuma?"

"Habari tumenunua kwa Mwinyi Hatimi, bwana, asubuhi ya leo," wakajibu. "Jina hatukuambiwa. Tumeambiwa nguzo arobaini na siwa, tukahesabu nguzo."

Mwinyi Hatimi akatoka jasho, sauti ya samli ikaganda. "Maulana, mimi... habari ni nyingi, siwezi kuzisoma zote kabla ya kuziuza."

Pandu akajitokeza nyuma ya nguzo, akapiga magoti. "Ni mimi, Maulana. Sikukugusa. Jina sikulitaja. Uongo sikusema, na hilo unalijua zaidi yangu."

"Umetoa siri ya mteja wako!"

"Uliridhia, Maulana." Akakunjua lile gombo la ngozi, akaonyesha pahali katikati palipoandikwa, kwamba mwenye makubadhi haya ameridhia mshonaji azungumze habari za miguu yake na yeyote, isipokuwa jina. Na chini yake dole gumba.

"Hilo ni dole la tarishi! Hata hakujua anaridhia nini!"

"Na mimi langu nililitia hivyo hivyo, Maulana. Tena mtu asiye na la kuficha..." Hapo Pandu akanyamaza, kwa kuwa alimwona Sultani macho yamemlengalenga, naye hakupenda kumwongezea.

Mchuuzi wa ngazi bado alikuwa akinong'ona bei.

"Waambie waondoke," akasema Sultani taratibu.

"Wangekuwa wanaambiwa wakaondoka, Maulana, mimi ningekuwa na mke."

Sultani akamtazama sana. Kisha akavua kubadhi moja, akavua la pili, akasimama pekupeku kwa kimo alichopewa na Mola, kilemba kikamfika mjumbe kifuani. Akaanza kucheka, kidogo kidogo, halafu kwa nguvu hata akashika mbavu. Na mjumbe mkubwa, baada ya kujifuta machozi ya kicheko, akasema, "Maulana, mimi ni mtu mzima, nisidanganye. Bintiye mfalme alitutuma tuangalie kama una hasira. Kimo hakukiulizia."

Sultani akahukumu papo hapo: tarishi achukue neno kama achukuavyo mzigo uliofungwa, afike nao ukiwa umefungwa, na ridhaa isiyoweza kusomwa kwa pumzi moja isihesabiwe ridhaa. Mwinyi Hatimi akaomba ajaribu gombo lake. Akavuta pumzi, akasoma, akafika dhiraa ya pili akaanguka, wakammwagia maji. Alipozinduka akaamriwa aende kwa miguu kila nyumba akaombe radhi, na aanze na Bi Kazija.

Bi Kazija mwenyewe akaletwa siku ileile na binti yake, na Sultani akamweleza habari za mzee mchukuzi wa maji.

"Sasa wewe, mkwe wangu," akasema Bi Kazija, "mbona hukusema?"

"Nilisema, Mama. Ulikuwa unafunga bunda."

"Haya. Kwa kadhi siendi tena, na nyumbani tutarudi. Lakini ile sanda siirudishi."

"Sanda gani, Mama?"

"Nilinunua moja. Bafta nzuri ile, tena yule kijana alinipunguzia." Na baraza likaangua kicheko, Bi Time akajifunika uso kwa ukaya, akasogea akasimama karibu na mumewe.

Pandu akamwomba Sultani radhi kwa amana aliyoivunja, naye akasamehewa. Sultani akasema, "Omba zawadi, chochote." Pandu akatazama kulia na kushoto, akaona masikio yalivyojaa pale. Akamsogelea Sultani, akamnong'oneza. Sultani akacheka hata kilemba kikaanguka, akasema, "Umepata." Njiani Bi Kazija akamuuliza mara saba aliomba nini, na Pandu akamshika mkewe mkono, akazungumza habari za mvua.

Sasa nanyi naona mnanitazama. Ndugu zangu, lile lilikuwa neno la watu wawili. Nawaombeni, msiniulize.