Kamba ya Dhavlya

Tangu nilipoota meno mpaka yaliponiaga, hakuna mtu aliyewahi kunidanganya katika soko la Kasarkhed. Naam, alinidanganya muuza bangili, akanidanganya muuza sufuria, na yupo aliyeniuzia jogoo huku akiapa kwa macho ya mwanawe kuwa ni mtetea anayetaga kila siku. Lakini hao siwahesabu, maana mimi ndiye niliyewadanganya kwanza. Tena uongo ninaousimulia hapa si ule wa kuvutana bei. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, maana yake mwenye kusema uongo hafiki nao mbali kabla ukweli haujamshika ukosi. Kondiba wa kijiji cha Borvadi aliipima njia hiyo. Ilianzia kizingitini pake ikaishia katika uwanja wa mifugo wa Kasarkhed. Ni maili saba, na katikati pana kichuguu.

Kondiba alikuwa mkulima wa manjano na pilipili, mtu mwembamba kama mpini wa jembe, mwenye kilemba kikubwa kuliko kichwa chenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Mkewe, Anusaya, alizoea kusema kuwa mumewe ana moyo wa dhahabu, ila aliutia mfukoni akausahau humo. Walikuwa na binti mmoja tu, Vimal, waliyemwoza mbali. Wiki ile Vimal alipoondoka, ng'ombe wao alikufa akizaa. Anusaya akamchukua yule ndama, mweupe kama pamba iliyopasuka, akamlea kama yai, akimnyonyesha kitambaa kilichochovywa katika maziwa. Akamwita Dhavlya. Ndama alipokua na kuwa maksai, Anusaya alichana sari ya kijani aliyoolewa nayo, akamsukia kamba ya shingoni na kuitia kengele ndogo ya shaba. Kwa miaka kumi na mmoja kengele ile ndiyo iliyomwamsha Kondiba alfajiri.

Mwaka huo mvua za kwanza ziliponyesha, Dhavlya aliteleza shambani akaumia mguu wa mbele wa kushoto. Anusaya alimkanda kwa maji ya moto na manjano. Kondiba hakuwa na subira ya kukanda. Jirani yao Bhagoji alikuwa amenunua trekta, na kila jioni penye kibanda cha chai alimchokoza.

"Mzee Kondiba, mgonjwa wako anaendeleaje? Umeshamwagizia fimbo ya kutembelea?"

Watu wakacheka. Kucheka kwa watu ni kama maji ya moto, hayaunguzi nyumba lakini mtu hulala vibaya. Jumanne iliyofuata Kondiba alimwambia mkewe kuwa anampeleka Dhavlya mjini kwa daktari wa mifugo, akamfikisha kwa Rajjak dalali.

Kasarkhed bei ya mnyama haitamkwi kwa mdomo. Dalali na mwenzake huingiza mikono chini ya kitambaa, wakabonyezana vidole, na hata aliyesimama hatua mbili haambulii kitu. Mkono ukishatoka na viganja vikapigwa, neno limekwisha, halirudishwi hata kwa machozi. Na muuzaji huondoka na kamba yake. Mnyama huuzwa, kamba haiuzwi, wala haichomwi wala haitupwi, maana zizi la mwenye kuthubutu hivyo hubaki tupu. Kwa hiyo Kondiba alirudi nyumbani na ile kamba ya kijani ameiviringisha tumboni ndani ya shati, kengele ameibana kwapani isilie.

Njia nzima alikusudia kusema kweli. Alikwisha hata kuyapanga maneno: mguu haukupona, Mama Vimal, na trekta ni nafuu. Lakini alipofika, Anusaya alikuwa kizingitini na sufuria ya pumba zilizochemshwa kwa sukari guru, bado zinatoa mvuke.

"Dhavlya yuko wapi?"

Ulimi wa Kondiba ukamtangulia mwenyewe. "Nyoka," akasema.

"Nyoka gani?"

"Nyoka... mrefu. Amemgonga njiani, mama. Hakukawia hata kidogo. Nimemzika pale pale."

Uongo ni kama mtoto mchanga, ukishauzaa hudai kulishwa. Anusaya alitaka kuonyeshwa kaburi. Kondiba akamwonyesha kichuguu kando ya barabara, chini ya mwarobaini, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa na umbo la kaburi. Tangu siku hiyo, kila Jumanne walipopanda tela la Bhagoji kwenda sokoni, Anusaya aliomba trekta lisimame. Aliteremka, akakipaka kichuguu manjano na poda nyekundu, akakiwekea maua na kipande cha sukari guru. Kondiba naye ilimbidi ateremke, avue viatu, akunje mikono mbele ya mchwa. Bhagoji alijua alichokijua, lakini alinyamaza. Alikuwa mtani, hakuwa mchonganishi. Na mchwa wakanenepa.

Ile kamba Kondiba aliisukuma juu ya boriti la zizi, chini ya vigae, mahali ambapo hata panya hupita wameinama. Usiku mwingine upepo ukivuma alisikia kama kengele inalia. Akamgeukia mkewe kumwambia, akamwona amelala, akasema moyoni, kesho. Kesho zikawa nyingi.

Ikaja sikukuu ya Pola, siku ambayo maksai huoshwa, wakapakwa rangi kwenye pembe na kulishwa mikate mitamu ya dengu kabla ya watu. Anusaya alimpamba Tambya, maksai aliyebaki, akalifagia zizi lote mpaka juu. Jumanne iliyofuata tela lilipokifikia kichuguu, hakuomba lisimame. Alitazama mbele tu, amekumbatia mfuko wa kitambaa ambao Kondiba hakuwa ameuona kabla.

"Leo hatuteremki, Mama Vimal?" akauliza.

"Hatuteremki."

Kondiba alishusha pumzi kama aliyetua gunia. Kilio kina mwisho, akajisemea. Hakujiuliza kwa nini, tangu siku hiyo, kila Jumanne mkewe alimaliza haraka kuuza pilipili, kisha akapotea sokoni kwa muda wa kutosha kunywa vikombe vitatu vya chai, na kurudi bila kununua hata sindano.

Jumanne ya saba hakwenda peke yake.

"Baba Vimal, twende uwanja wa mifugo."

"Kufanya nini? Kunusa mavi? Nyumbani hayatoshi?"

"Tambya anataka mwenzake. Kutazama tu."

Kutazama hakuna ushuru, kwa hiyo Kondiba alimfuata, akipita katikati ya mbuzi, nyati na wanaume waliokwisha shikana mikono chini ya vitambaa kama wachumba. Karibu na ukuta wa ghala alimwona Rajjak, masharubu yake yakiwaka kwa hina. Mbele ya Rajjak alisimama maksai mweupe. Mbavu zake zilihesabika. Pembe zilibakiwa na madoa ya rangi ya mwaka wa nyuma, na shingoni alifungwa kamba ya plastiki ya bluu. Mguu wa mbele wa kushoto aliunyanyua kidogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba na anaona haya kuutoa mbele za watu.

Kondiba alirudi hatua moja, nyuma ya mkewe. Kando ya Rajjak alisimama mwanamume mwenye vumbi jekundu mpaka kwenye kope, mwenye matanuri ya matofali wilaya ya mbali, ambako maksai huvutishwa mikokoteni mpaka waanguke, na nyuma yake lori limefunguliwa mlango.

"Baba Vimal," Anusaya alisema taratibu, "yule mweupe."

"Weupe wamejaa duniani."

"Anachechemea mguu wa kushoto."

"Ndiyo sababu anauzwa. Mzima angeuzwa?"

"Mtazame vizuri. Si Dhavlya yule?"

Kondiba alicheka, kicheko kikatoka kimekatika katikati. "Dhavlya nilimzika kwa mikono yangu hii, mama. Utamfufua sokoni kama dalali?"

"Na kamba yake?"

"Nilimzika nayo. Na kengele yake shingoni."

Anusaya alimtazama kwa muda, kama mtu anayemsubiri mwenzake achague vizuri katika kapu. Kisha akafungua fundo la pindo la sari yake.

"Basi na asiwe yeye. Hii ni akiba yangu ya maziwa ya mbuzi wetu, ya miaka miwili. Mimi siwezi kuingiza mkono chini ya kitambaa na mwanamume wa watu. Wewe unaweza. Nenda, kabla yule wa matofali hajanyoosha wake."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, na Kondiba aliuona. Ilikuwa hatua kumi tu. Lakini alijua kuwa akizipiga, Rajjak atapaza sauti: mzee, umemrudia wako? Na ukweli utasimama pale uwanjani, una masharubu ya hina, mbele ya mkewe na nusu ya Borvadi. Aliyatazama yale matanuri machoni mwa yule mtu. Aliutazama ule mguu. Mguu wake mwenyewe ukainuka, akaurudisha chini.

"Pesa za maziwa kwa mifupa?" akasema, na ili uongo usimame imara akaupigia nguzo. "Huyo ana nuksi, mama. Huoni jicho lake? Akiingia zizini kwetu, hata Tambya atakufa."

Aliisema kwa sauti kubwa. Yule maksai akageuza sikio.

"Baba Vimal," Anusaya alisema tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, ile ya siku Vimal alipoondoka. "Nakuomba."

"Nimesema hapana. Mke haombi mambo ya zizi sokoni."

Chini ya kitambaa vidole vilikuwa vinacheza. Yule wa matofali alikunja uso, Rajjak akatikisa kichwa, wakabonyezana tena. Kisha mikono ikatoka, viganja vikapigwa paa! Neno likawa limekwisha. Wanaume wawili wakamsukuma maksai kwenye ubao, akapanda lori kwa miguu mitatu, bila ukaidi, kama alivyofundishwa na mwanamke aliyemlea. Mlango ukafungwa kwa mnyororo.

Rajjak alikunja kitambaa chake, akageuka, uso ukamchangamka.

"Ala! Mzee Kondiba! Mbona umejificha nyuma ya mama? Njoo unywe chai, leo yule wa kwako..."

"Umenifananisha, bwana," Kondiba akamkata.

"Nikufananishe? Na kilemba hicho? Kilemba hicho kiko kimoja wilaya nzima!"

"Nakwambia umenifananisha. Mimi sijawahi kukuuzia mnyama. Hata jina lako silijui."

Rajjak alimtazama Kondiba, akamtazama Anusaya, akaelewa, akakohoa. Dalali mwenye akili hujua pia bei ya kunyamaza. Akajitia shughuli na mbuzi.

Mke wa heshima hamvui mumewe kilemba mbele za watu, na kwa wiki saba Anusaya alikuwa amekishikilia kilemba kile kwa mikono miwili. Sasa lori lilikuwa linaunguruma, na hapakuwa na cha kukishikilia tena. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kamba ya kijani iliyosukwa kwa sari. Mdomo wa kengele ulikuwa umezibwa kwa kitambaa. Akakichomoa kitambaa kile polepole, kama mtu anayetoa kizibo cha dawa ya mwisho chupani, akaitikisa kamba mara moja.

Kengele ililia, kile kilio chake cha alfajiri.

Juu ya lori kichwa cheupe kikainuka. Dhavlya akalia mlio mrefu, mpaka mbuzi wakanyamaza na wanaume wakaitoa mikono yao chini ya vitambaa kutazama. Akauweka mguu mbovu kwenye ubao wa pembeni, akalia tena kuelekea kengele iliko. Lori likaondoka naye.

"Niliikuta juu ya boriti siku ya Pola," Anusaya alisema. Hakupaza sauti. "Nilikuwa nimempikia mkate wake kama aliye hai. Nikanyoosha mkono niuweke juu, mbwa wasiufikie. Sikukuuliza. Nikasema, ni mtu mzima, atasema mwenyewe. Kila Jumanne nikamtafuta huku, mfuko mkononi. Kosa langu ni moja, Baba Vimal. Nilidhani ukimwona, utasema."

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alizaliwa palepale katika vumbi la lori. Kondiba alitazama zile hatua kumi. Bado zilikuwa kumi, fupi, tambarare, wala hakuna mtu aliyezikanyaga. Angeweza hata sasa kuinamisha kichwa aseme, nimekosa. Badala yake mdomo uliozoea ukajifungua wenyewe.

"Hiyo kamba..." akasema, "hiyo si ile, mama. Hiyo ni ya..."

"Ya nani?" Anusaya akauliza, akimnyooshea kengele. "Malizia, Baba Vimal. Ni ya nani?"

Mkewe alikwisha geuka kwenda kwenye tela, na kutoka kizingitini pa Kondiba mpaka pale aliposimama mdomo wazi zilikuwa maili saba tu, na kichuguu kimoja: njia ya mwongo ni fupi.