Hewa ya Mivuba na Jeneza Tupu ya Saba

Hapo zamani, wala si zile za wafalme na majitu, ni hizi za juzi nilipokuwa bado na meno yangu yote, palikuwa na machimbo ya dhahabu, na kwenye machimbo palikuwa na kibanda cha video. Kibanda chenyewe mabati matatu na turubai, magogo ya kukalia, na televisheni imefungwa mnyororo kama mbwa mkali. Kila mchimbaji akitoka shimoni, kabla hajanawa uso, anapita pale na kuuliza: "Imefika?"

Wanaulizia nini? Wanaulizia Jeneza Tupu.

Ilikuwa picha ya mapigano. Ya kwanza, steringi, ndiye shujaa wa picha, anapigwa risasi, anazikwa, jeneza likifunguliwa halina mtu. Ya pili, anachomwa moto, anazikwa, jeneza tupu. Ya tatu, anaruka ndani ya kisima kirefu kumwokoa mwenzake, kisima kinafukiwa, jeneza tupu. Ya nne, anaangukiwa na mlima. Mlima mzima, wajukuu zangu! Anatoka chini ya mlima, anapangusa shati, anauliza adui yuko wapi. Watu wanacheka mpaka wanatoa machozi: "Uongo gani huu!" Na kesho yake ni haohao wa kwanza mlangoni: "Ya tano imefika?"

Picha ilisema lugha ya huko ilikotoka, kwa hiyo pale mbele alikaa mtafsiri, Ngasa, na kipaza sauti chake. Akisema adui ni yeye, akisema steringi ni yeye, mbwa akibweka ni yeye. Lugha yenyewe Ngasa hakuijua zaidi ya salamu. Watu walijua hajui, na bado walikuja.

Gogo la mbele lilikuwa la marafiki wawili, Lushinge na Sonda. Lushinge alikuwa na mke, Kabula, mja mzito aliyekuwa akihesabu siku. Sonda hakuwa na mtu. Alilelewa hapohapo machimboni, hata kwao hakukujua.

Asiyekanyaga kibandani alikuwa Nyamizi, mjane wa mfua chuma. Mumewe alimwachia mivuba, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto, naye akawanolea wachimbaji tindo zao. "Mtu anaangukiwa na mlima halafu anapangusa shati," husema, "na nyie mnaacha kazi mnakwenda kumtazama. Hamna wazee kwenu?"

Asubuhi moja Lushinge akafika kwenye duara lake, ndivyo wanavyoita shimo la kuchimbia, akakuta ufa mdomoni. Ufa wa kuingia kidole.

Sonda akamwambia, "Leo tupumzike, kaka."

Lushinge akacheka. "Mlima haukumuua steringi, itakuwa kiufa hiki?"

Akashuka. Alipofika chini, ardhi ikafumba mdomo.

Watu wakakimbia na majembe. Wakichota udongo karai moja, unateremka makarai matatu. Kilichobaki wazi ni bomba la plastiki la kuvutia maji, jembamba, linalofika mpaka chini. Sonda akalala kifudifudi, akaweka mdomo kwenye bomba.

"Lushinge!"

Akaita tena kwa nguvu:

"Lushinge, kaka!"

"Nipo. Mguu umebanwa. Hewa ndogo. Usingizi unanijia."

Waliosikia neno usingizi wakatazamana. Shimo lisilo na hewa haliui kwa kelele. Linambembeleza mtu alale, na akilala, basi.

Akaja Nyamizi na mivuba kichwani. Akachana kanga yake, akaifunga mivuba kwenye bomba, akaanza kusukuma. Fuu, fuu, fuu. Hewa ikashuka. Lakini bomba ni moja, wajukuu zangu. Likipitisha hewa, halipitishi sauti. Likipitisha sauti, halipitishi hewa.

Adhuhuri Nyamizi akafungua kanga, akauliza, "Unapata?"

Sauti ikaja kwa mbali. "Napata, mama. Asante. Sasa niacheni nilale kidogo tu."

Kabula akapiga yowe. "Asilale! Mwambieni asilale!"

Wakamwambia. Mmoja akamwita kwa jina la baba yake, mwingine akamtukana, mwingine akaomba dua. Lushinge hakujibu. Ndipo Ngasa akapenya katikati ya watu, akapiga magoti penye bomba.

"Lushinge. Ya tano imefika."

Sauti ikapanda kutoka chini: "Unasema?"

"Ya tano. Imekuja na gari la asubuhi."

Haikuwa imekuja. Kila aliyesimama pale alijua haikuwa imekuja.

"Anza," akasema Lushinge.

"Steringi yumo ndani ya jeneza. Jeneza limo ndani ya treni. Treni inawaka moto, na mbele reli imekwisha..."

"Toka hapo," akasema Nyamizi. "Zamu ya hewa." Akafunga kanga, akasukuma. Fuu, fuu, fuu.

Kutoka chini likasikika bomba likigongwa kwa jiwe. Ko, ko, ko. Anataka kusikia. Nyamizi akafungua.

"Reli imekwisha, halafu?"

"Anairusha treni."

"Treni hairushwi, Ngasa!"

"Yeye kairusha."

Chini kukasikika kicheko, na kicheko kikageuka kikohozi. "Zamu ya hewa!" Fuu, fuu, fuu. Kisha ko, ko, ko. Kisha Ngasa. Ya tano ikaisha, ya sita ikaanza palepale. Jasho linamtiririka, kila anapofika penye patamu anakatiza: "Usilale, hujaona bado!" Nyamizi naye ngozi ya viganja imebanduka, na hataki kupokewa, kwa sababu mivuba ile ilikuwa na kiraka, na ni yeye tu aliyejua kuisukuma isipasuke.

Alasiri Lushinge akasema kwa sauti ya kuvuta, "Kabula yupo? Asikie na watu wasikie. Atakayenitoa humu, mtoto nampa jina lake."

Huko jina si jambo la mchezo. Mwenye jina huwa somo wa mtoto. Nyumba ya mtoto ni nyumba yake, na akifa, jina lake likiitwa kuna wa kuitika. Jina halichagui mwana wa kike wala wa kiume, ila ni moja tu. Ngasa hakuwa na mtoto. Nyamizi alizika watatu. Na Sonda nimeshawaambia.

Sauti ile ya kuvuta Sonda hakuipenda. Pembeni palikuwa na duara la zamani lililotelekezwa, kuta zake zimeoza. Mtu akishuka humo anaweza kutoboa ubavuni mpaka kwa Lushinge. Mwenyekiti wa machimbo alikuwa amekataza tangu asubuhi: "Nina mmoja chini, sitaki wawili."

Sonda akajifunga kamba kiunoni, tindo mkononi. Mwenyekiti akamdaka shati. Shati likabaki mkononi mwa mwenyekiti. Sonda hakuteremka kwa miguu kama watu. Aliruka, mzimamzima, kama alivyomwona steringi anarukia kisima.

Ardhi ikatetemeka. Kule kwa Lushinge udongo ukamwagika tena, ukamfika kifuani. Bomba likanyamaza. Hakuna ko, hakuna ko, hakuna ko.

"Hewa!" akasema Nyamizi, akasukuma kama anayepigana. "Amekosa hewa!"

"Anasinzia!" akasema Ngasa. "Niachie bomba, mama!"

"Nikikuachia atakufa."

"Usiponiachia atalala, na akilala ndiyo kufa kwenyewe!"

Kabula katikati yao, mkono kiunoni, hajui amwambie nani nyamaza. Ngasa akamsukuma yule mama mtu mzima, mbele za watu, akaing'oa kanga, akapeleka mdomo.

"Lushinge! Ya saba! Adui amemzika steringi akiwa hai, udongo umemfika kifuani, na kumbe adui mwenyewe ni..."

Akakatiza hapo, akatega sikio. Nyamizi ameinua mivuba, tayari kumpiga nayo kichwani.

Ko.

Moja tu, dhaifu. "Ni nani?" ikauliza sauti.

"Vuta hewa kwanza, nitakwambia," akasema Ngasa, akalia, akamrudishia Nyamizi bomba. Fuu, fuu, fuu.

Jua lilikuwa linazama Sonda alipotoboa. Bega moja limevunjika, akamfukua Lushinge kwa mkono mmoja, akamfunga mgongoni kwa kamba, wakavutwa juu wote wawili. Walipotoka, duara la zamani likajifukia nyuma yao.

Kabula akajifungua wiki ileile. Na huko mtoto hatolewi nje mpaka awe na jina. Siku ya kutolewa ikafika, na mlangoni walikuwa wamesimama watu watatu.

Sonda akasema, "Aliahidi atakayemtoa. Nani alimtoa? Bomba lilimtoa? Ni huu mgongo."

Nyamizi akamjibu, "Mgongo huo ndio uliomfukia mara ya pili. Ungemkuta maiti, ungebeba maiti. Aliyekuwa akipumua kutwa nzima alikuwa akipumua kwa mikono hii. Itazame."

Ngasa akasema, "Mama, mikono yako naiheshimu, na kwa kukusukuma unisamehe. Lakini hewa alikuwa nayo adhuhuri ile, na alitaka kulala. Muulizeni mwenyewe kilichomzuia."

Lushinge alikuwa amekaa ndani, mguu umefungwa vijiti. "Kweli," akasema. "Sikuogopa kufa. Nilitaka kujua ya saba inaishaje."

"Ewe Lushinge!" Nyamizi akageuka. "Na nani alikufundisha kwamba mlima unapanguswa kwa kiganja? Nani alikuchekesha ukauchekea ufa? Huyuhuyu! Amekuingiza shimoni kwa uongo wake, leo anadai jina!"

"Na mimi je?" akasema Sonda. "Bila uongo huohuo ningeruka? Mwenyekiti ana akili, na akili zake zilimwambia asimame. Mimi niliruka kwa sababu nimeona mtu akiruka."

"Basi jina ni la picha, si lako," Ngasa akamkata.

"Picha ilivunjika bega?"

Wakamgeukia Lushinge. Lushinge akainamisha uso. "Mimi nilikuwa gizani," akasema. "Sauti niliisikia, hewa niliivuta, mgongo niliupanda. Siwezi kuchagua. Muulizeni mama wa mtoto."

Kabula akasimama kizingitini, mtoto kifuani. Akamtazama Sonda na bega lake. Akatazama viganja vya Nyamizi, ambavyo tangu siku ile havikushika tindo tena. Akamtazama Ngasa, ambaye sauti ilimkauka hata leo anaongea kwa kunong'ona, na kibandani wamemtafuta mtu mwingine.

Jua linapanda, majirani wamejaa uani, mtoto anaanza kulia. Akitajwa mmoja, wawili watarudi nyumbani mikono mitupu.

Nanyi mliokaa hapa mkinisikiliza, msinitazame mimi. Mngekuwa ninyi kizingitini, na mtoto yumo mikononi mwenu, mngemwita nani?